Kifuniko Kilichopata Moto

Kuna wali unaoridhika na moto wa chini, na kuna wali unaotaka moto chini na juu. Pilau ya arusi ni ya namna ya pili. Maji yakishakauka unazitoa kuni, unafunika sufuria, unapanga makaa ya moto juu ya kifuniko, halafu unakaa kando na kumwachia Mungu. Bibi Kulthumu wa Muyinga amepika hivyo tangu marehemu mume wake akiwa kijana, na watu wa mtaani kwake husema kwamba arusi ambayo Kulthumu hakuipikia, hata maharusi wenyewe hawana hakika kama wameoana.

Lakini siku mambo haya yalipoanza hakuwa Muyinga. Alikuwa Gitega, kwa mwanawe Husni, fundi wa cherehani, amekuja kumchukua mjukuu wake Layla wafuatane kwenye arusi ya Salima, binti wa mdogo wake. Layla ni mtoto wa binti yake wa kwanza, ambaye alikufa Layla akiwa na miaka minne. Kulthumu ndiye aliyemlea, akamnywesha uji na vitendawili, mpaka mtoto akawavuka wenzake shuleni, akavuka chuo, akavuka na bahari, akaenda kusomea mitambo ya nyuklia katika nchi ambayo mate yanaganda kabla hayajafika chini.

Miezi minane iliyopita alirudi, chuo kimemruhusu amalizie kuandika nyumbani. Sasa zilibaki siku ishirini. Zikiisha, angekaa mbele ya kompyuta yake, walimu wa kule wamuulize maswali, na akijibu vizuri waanze kumwita daktari. Kazi ya kufundisha pale pale chuoni ilikuwa inamngoja. Kulthumu alikuwa amekwisha kuitangaza habari hiyo sokoni, msibani na kwenye foleni ya zahanati.

Asubuhi ile alimkuta Layla katika chumba cha kazi cha Husni, kompyuta iko pembeni ya meza ya kukatia vitambaa, vipande vya kitenge vimemzunguka miguuni. Kwenye kioo palikuwa na mistari miwili: mwekundu ulionyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na wa buluu uliopanda haraka, ukainama, ukashuka taratibu.

"Kumbe ndiyo hii mashini inakukondesha," alisema Kulthumu. "Nieleze leo, nikifika Muyinga nisidanganye zaidi ya ninavyodanganya."

Layla akacheka. "Kazi yangu ni kuharibu, Bibi. Kila siku mi naharibu mtambo ambao haujajengwa bado."

"Yoo! Na wanakupa chakula kwa hiyo?"

Akamweleza. Ndani ya mtambo kuna madini yanayotoa moto yenyewe bila kuni, na moto ule haupoi upesi hata ukiuzima. Maji yanapita juu yake saa zote kuupooza, maji ya moto kupita kiasi, yaliyobanwa yasichemke. Sasa bomba likipasuka, maji yale yanaruka nje na kugeuka mvuke mara moja. Ndiyo maana mtambo wote unafungiwa ndani ya jengo nene la zege lenye ngozi ya chuma, ili mvuke na sumu iliyomo visiwafikie watu. Na kwa kuwa hakuna mwenye akili anayeweza kujenga jengo la namna hiyo kisha akapasua bomba ili atazame, linajengwa kwa hesabu ndani ya kompyuta, bomba linapasuliwa humo humo, na kompyuta inaufuata mvuke hatua kwa hatua: umefika wapi, unasukuma kiasi gani.

"Mstari mwekundu ni mwisho wa nguvu ya jengo," Layla alisema. "Wa buluu ni presha ya mvuke. Unaona? Haugusi."

"Presha kama ya mjomba wako Husni?"

"Ya mjomba inagusaka kila siku."

"Nimewasikia," Husni akaguna kutoka kwenye cherehani yake.

Kulthumu akautazama ule mstari wa buluu unavyoinama. Yeye kitu akitaka kukielewa sharti kwanza akigeuze kitendawili. "Kitendawili!"

"Tega, Bibi."

"Mgeni wangu ana nguvu za kuinua mlango, lakini akigusa baridi analia."

"Mvuke!" Layla alijibu hata bibi hajafunga mdomo. "Ndiye huyo huyo. Akigusa ukuta wa baridi anageuka maji, nguvu zinamwisha. Ndiyo maana mstari unashuka. Ukuta unamliza."

"Na asipolia?"

"Kwa nini asilie?"

"We mtoto, nilikulea jikoni kweli? Nikifunika sufuria, mwanzo kifuniko kiko baridi, mvuke unalia, matone yanarudi chini. Nikipanga makaa juu, kifuniko kinapata moto, kilio kinaisha. Hapo mvuke unatafuta pa kutokea, ndiyo unasikia kifuniko kinacheza. Na hata bila makaa, kifuniko kinachoka. Kinakunywa, kinakunywa, mwisho kinashiba." Akaelekeza kidole kwenye kioo. "Sasa huo ukuta wako unakunywa moto saa nzima. Haushibi?"

Alisema kwa mzaha, kama anavyosema mambo yote. Layla alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile likabaki usoni peke yake, mwenyewe ameshaondoka. Alivuta kompyuta karibu, akafungua ukurasa uliojaa namba tupu, akateremka nazo kwa kidole, akasimama kwenye moja.

"Ishirini," alisema polepole.

"Ishirini nini?"

"Digrii ishirini. Ukuta." Akamwangalia bibi yake kama mtu aliyeulizwa jina lake akalikosa. Kisha akafunga kompyuta. "Twende, Bibi. Mi nafunga mizigo."

Njia yote, kutoka Gitega kupita Karuzi mpaka Muyinga, Layla hakusema maneno yanayozidi vidole vya mkono. Kulthumu alimnunulia hindi la kuchoma. Akalishika mpaka likapoa, akampa mama mmoja aliyekaa nyuma. Bibi akajichunguza. Nimesema nini? Nimemtaja mama yake? Hapana. Nimemwambia habari za kuolewa? Leo hata sikuthubutu. Tulizungumza sufuria tu.

Siku moja kabla ya arusi, alasiri, walikaa uani kuchambua mchele: Kulthumu, Layla na Theodosia. Huyu Theodosia ni mkulima wa Mwakiro, Mkristo, aliyekulia kambini Tanzania na kurudi Burundi akiwa mtu mzima. Miaka yote yeye ndiye huleta vitunguu vya arusi na kubaki kusaidia jikoni, na kwa jinsi Kiswahili chake kilivyonyooka, watu wa pale wamempa jina la Redio.

"Bi Kulthumu," Theodosia alisema, "huyu daktari wako anachambua mchele au anausomea? Punje ile ameishika tangu nimekaa."

Layla akaitupa punje kwenye ungo. "Mi si daktari, mama Theodosia. Na labda sitakuwa."

Mikono ya Kulthumu ikasimama.

"Ulichosema kule Gitega, Bibi, ni kweli," Layla alisema. "Ukuta unapata moto. Kila mtu anajua. Mi mwenyewe najua, nimefanya mtihani juu yake. Lakini kwenye hesabu yangu haupati. Niliufunga. Niliiambia kompyuta: ukuta uko digrii ishirini, na utabaki digrii ishirini hata mvuke ufanye nini. Kwa hiyo unakunywa tu. Haushibi."

"Kwa nini uliufunga?"

"Kwa sababu ya umeme." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na meno. "Kompyuta ikifuata joto linavyoingia ndani ya zege, kidole kwa kidole, hesabu inachukua saa tisa. Umeme wa Gitega ulikuwa unakuja saa mbili asubuhi, unaondoka saa nane. Saa sita tu. Betri yangu imekufa zamani. Hesabu ikikatika, faili linaharibika, naanza upya. Nilianza upya mara kumi na moja, Bibi. Kompyuta za chuo zinataka mtandao usiokatika, na wa kwetu unaujua. Siku moja nikasema, ngoja niufunge ukuta, nione tu kama mengine yako sawa. Hesabu ikaisha kwa saa nne. Mstari ukatoka mzuri, ule uliouona. Nikaupeleka kwa profesa wangu huku najiambia, ukuta nitaufungua baadaye. Akaniandikia: kazi safi."

"Ukasahau," Kulthumu alisema upesi, kama anayemsogezea kiti.

Layla aliusawazisha mchele kwenye ungo. "Nilisahau. Halafu kuna siku nilikumbuka, nikajisahaulisha."

Theodosia alipeta ungo wake, pumba zikaruka.

"Profesa akaipeleka kwa wale wanaochora jengo," Layla akaendelea. "Kulikuwa na pampu mbili za kunyunyizia maji ndani, mvuke ukizidi. Kwa sababu ya mstari wangu wamesema ya pili haina kazi, wataiondoa."

"Labda kweli haina kazi."

"Labda. Mi sijui. Ndiyo shida yenyewe, Bibi: sijui, na nimeandika kwamba najua."

Kulthumu aliuona mchele, hakuuona mchele. Alikuwa anaona foleni ya zahanati, na wale aliowaambia. Alikuwa anaona pia chumba chenye godoro moja, mtoto wa miaka minne anauliza mama atarudi lini. Na alikuwa anausikia ulimi wake mwenyewe ukitega kitendawili. Laiti siku ile angeumwa jino! "Wenyewe hawajaona?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hawajaona. Wanatazama mistari. Hiyo namba iko katikati ya kurasa mia tatu."

"Basi..." Kulthumu alisema, na neno lile akaliacha hapo, likaning'inia.

"Pale wanapotaka kujenga kuna mji mdogo kando ya mto," Layla alisema. "Nilipita mara moja. Watu wameanika mashuka, mzee anapaka rangi uzio. Bibi, unakumbuka nilipokuwa mdogo nikishindwa kitendawili? Unaniambia nipe mji. Mi nakupa Giheta, nakupa Makebuko, siku ingine nakupa Gitega nzima na soko lake, ili uniambie jibu nikalale. Safari hii nimetoa mji ili nisiambiwe jibu."

Theodosia akaweka ungo chini. "Mimi sikusoma," alisema, "na mambo ya mitambo siyajui. Lakini nimekulia mahali ambapo watu walikaa mezani, mbali, wakaandika namba, sisi tukafungasha vyombo. Mara tatu. Sijawahi kumwona hata mmoja wa walioandika. Sikuwahi kufikiri kwamba na wao wanakosa usingizi." Akauchukua tena ungo wake. "Samahani, Bi Kulthumu. Vitunguu nimenye vyote au nibakize vya kachumbari?"

"Menya vyote," Kulthumu alisema, ingawa vya kachumbari huwa vinabakizwa.

Layla ndiye aliyeona mwanya. Kwa arusi walikuwa wamekodi jenereta, ile wanayoiita grupu, na ingewashwa saa moja asubuhi mpaka jioni. Saa zaidi ya tisa, bila kukatika. Alitaka soketi moja. Angeufungua ukuta, angeiacha hesabu ikimbie, na saa kumi jibu lingekuwa limefika.

"Na mstari ukivuka mwekundu?" Kulthumu aliuliza.

"Nitaandika barua."

"Watakufukuza?"

"Watanitoa kwenye orodha ya watakaohojiwa mwezi huu. Msaada wa masomo unaisha mwezi wa tisa. Na ile nafasi ya kazi haitaningoja, watapewa wengine." Kisha, kama mtoto: "Bibi, we utakuwa jikoni, karibu na grupu. Nilindie waya."

Kulthumu alisema ndiyo. Ungemwambia nini mtu uliyemfundisha kutembea?

Siku ya arusi grupu iliwashwa kwa kelele na moshi. Layla aliweka kompyuta juu ya kreti la soda ndani ya banda la kuni, hatua tano kutoka kwenye mafiga, akaifunika kanga kwa ajili ya majivu. Mstari wa buluu ukaanza kutambaa polepole mno, kama siafu aliyechoka. Kulthumu alikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya udongo wa Muyinga, akatia nyama, akatia mchele, na kila alipopata nafasi aliinua ncha ya kanga kuchungulia. Mpaka adhuhuri mstari ulikuwa unapanda tu.

Saa nane walikuja kumwita Layla akamvalishe Salima. Alimtazama bibi yake, bibi akamwitikia kwa kichwa. Sufuria ya kwanza ilikuwa imeiva na kuteremshwa. Ya pili ndiyo kwanza imefunikwa, makaa yamewekwa juu, na huo ndio wakati ambao mpishi wa pilau haangalii kando.

Hapo akaja Kastori, mtu wa sono, mwenye spika za muziki na maneno mengi.

"Mama, kuna mashini gani inakula umeme wangu humu? Grupu iko na soketi mbili. Spika moja hapa, spika ingine hapa. Na msafara wa bwana harusi umeshafika kwenye kona!"

"Ya pili iko na kazi."

"Kazi gani? Mtu anacheza filamu kwenye arusi ya watu?" Kastori alikuwa amekwisha kuingia bandani. Akainama, akashika plagi. "Mi naitoa kidogo tu, mama. Dakika kumi. Wimbo wa kuingia, halafu nairudisha."

Kwa muda wa pumzi tatu au nne Kulthumu hakusema kitu.

Msimlaumu. Mkono ulikuwa wa Kastori, si wake. Yeye angekuwa hakutenda lolote, amenyamaza tu, mzee aliyechoka na moshi. Hesabu ingekatika, faili lingeharibika, grupu ingerudi kwa mwenyewe jioni, na siku zilizobaki ni kumi na saba. Layla angelia, angesema nilijaribu, Mungu hakutaka. Kisha angekaa mbele ya walimu wake, aitwe daktari. Na jibu lingebaki humo humo ndani ya kompyuta, bila mtu wa kuliuliza. Kulthumu aliona jinsi jambo lilivyokuwa jepesi. Halikuhitaji hata neno.

Ndipo akakumbuka lile neno aliloliacha likining'inia juu ya mchele. Basi. Alijua sasa lingemalizikaje, na alijua kwamba mtoto naye alilimalizia kichwani mwake, na bado akampa waya aulinde.

"Kastori!" Sauti ilimtoka mpaka kuku wakaruka. "Ondoa mkono. Utatoa roho yangu kwanza, halafu ndiyo utoe hiyo."

"Mama Kulthumu, arusi ya spika moja! Watu watasema tunazika!"

"Waseme. We piga hiyo moja kwa nguvu. Ulizaliwa na midomo miwili?"

Akavuta kigoda chake, akakiweka mlangoni mwa banda, akakaa juu ya waya wenyewe. Kastori alibembeleza, akataja heshima ya ukoo, akaenda kumleta shemeji, shemeji naye akabembeleza. Kulthumu hakuinuka. Kutoka mafigani Theodosia akapaza sauti: "Bi Kulthumu, sufuria ya pili inanukia!" Alijua. Pua yake ilijua kabla ya Theodosia. "Punguza makaa wewe!" alijibu, lakini Theodosia aliogopa kukigusa kifuniko cha mwenyewe, na moshi mwembamba ukaanza kutoka ukingoni. Bwana harusi aliingia kwa spika moja. Kulthumu alibaki amekalia waya, anasikiliza pilau yake ikiungua.

Saa kumi na dakika chache Layla alikuja mbio, amevaa gauni la arusi la kijani, hina mikononi haijakauka sawasawa. Alipiga magoti mbele ya kreti na kuinua kanga kwa kiwiko.

Kulthumu hajui kusoma zile namba, lakini mstari unaovuka mstari hauhitaji shule. Wa buluu ulipanda kama ule wa Gitega, ukafika pale ulipoinama siku ile, ukainama kidogo, kama mtu aliyetaka kukaa akabadili nia. Kisha ukaendelea. Ukagusa mwekundu, ukaupita, ukakaa juu yake kwa muda mrefu kabla ya kushuka.

"Umeshiba," Kulthumu alisema.

"Umeshiba," Layla akajibu. "Kwa pampu moja, jengo haliwezi."

Kulthumu alingoja machozi ya mtoto, hayakuja. Layla alikaa chini kwenye maganda ya kuni na gauni lake lile, akaandika kwa ncha za vidole ili asichafue kompyuta na hina. Alimsomea bibi yake kwa Kiswahili alichokiandika kwa lugha ya kule: kwamba tarehe fulani aliufunga ukuta kwa sababu ya umeme, kwamba baadaye alikumbuka na hakusema, kwamba hesabu ya kweli ni hii, pampu isiondolewe.

"Hapo pa kukumbuka," Kulthumu alisema. "Lazima?"

"Hapo ndipo barua iko, Bibi."

Akapanda na simu mpaka mlimani penye mtandao, akaituma kabla jua halijashuka.

Kule uani watu walikuwa wamefika kwenye sufuria ya pili. Pilau iliyoungua haifichiki. Wazee walitafuna na kutazamana, na mmoja akasema kwa upole wa kuumiza kwamba uzee ni uzee tu, hata mkono wa Kulthumu. Mdogo wake, mama wa Salima, alipita na sahani bila kumtazama. Miaka arobaini ya jina zuri, na iliondoka na moshi wa alasiri moja. Kulthumu hakueleza. Angeanzia wapi? Kwenye bomba?

Jibu lilikuja siku ya tatu, asubuhi. Layla alilisoma amesimama mlangoni, kisha akaja uani, ambako Kulthumu na Theodosia walikuwa wanaisugua ile sufuria. Ukoko wa chini ulikuwa mweusi, umeshikana na chuma kama ngozi.

"Wachoraji wameambiwa," alisema. "Pampu inabaki, watapiga hesabu zote upya. Profesa anashukuru. Anasema hawezi kunisimamia tena, kwa ajili ya ile siku niliyokumbuka. Nafasi amepewa mwingine. Kitabu changu naweza kukiandika upya ndani ya miaka miwili, kwa njia zangu mwenyewe, nikipata mtu wa kunisimamia."

"Miaka miwili si mingi," Theodosia alisema. "Mimi nilingoja thelathini na tano nirudi Mwakiro, na nilipofika nikakuta mtu amepanda migomba pale kilipokuwa kitanda cha mama."

Layla alicheka, na kicheko kikageuka njiani. Alilia safari hii, alilia kama mvuke uliogusa baridi, mpaka mtandio ukalowa. Kulthumu hakumbembeleza. Mikono yake ilikuwa na masizi, na moyoni alikuwa na yake. "Ni ulimi wangu," alisema. "Ningenyamaza siku ile, ungekuwa daktari."

"Ndiyo," Layla alisema. Hakumdanganya, na Kulthumu alishukuru kwa hilo, ingawa liliuma.

Baada ya muda mtoto akajifuta uso, akachuchumaa upande wa pili wa sufuria, akachota majivu na kuanza kusugua naye.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Nimebomoa nyumba yangu, ya jirani isianguke. Sasa nitalala wapi?"

Kulthumu alifikiri. Alijaribu jibu moja moyoni, akaliona dogo. Akajaribu lingine, likawa la uongo. "Jibu lenyewe we unalijua?"

"Mi silijui, Bibi."

"Sasa hicho kitendawili gani, mwenyewe hajui jibu?"

"Ndivyo vilivyobaki. Umeshindwa? Nipe mji."

Theodosia aliinua macho.

"Mji sitoi," Kulthumu alisema. Akamwaga maji machafu, akaongeza majivu, akauelekeza mkono wa mjukuu wake pale ukoko uliposhikana zaidi. "Sugua hapo. Na kitendawili chako tutakaa nacho mpaka jibu litoke."